Ngumi nzito haitoki mkononi, mimi nilikuja kulijua hilo nikiwa nimefungwa hogo

Niseme kabisa mapema, mimi sio bondia wa kulipwa na sina mkanda wowote wa ubingwa ukutani. Nina mapambano machache ya ridhaa, mengine nilishinda mengine nilipigwa vizuri tu, na kabla ya ngumi nilipita karate mpaka mkanda wa kahawia nikaacha njiani kwa sababu za maisha. Ila kwenye jimu nimekaa miaka 11, na kila wiki lazima dogo mmoja anifuate, kaka nifanye nini ngumi yangu iwe nzito? Nimechoka kujibu nusu nusu huku nafunga bandeji, so leo naandika yote hapa, nikiulizwa tena natuma link tu.

Nilianza nikiwa na miaka 19, Mabibo, Dar es Salaam, jimu lipo nyuma ya gereji, bati juu, sakafu ya saruji iliyopasuka pasuka na mabegi mawili yamening'inizwa kwenye chuma cha reli. Begi la kushoto lilikuwa limejazwa matambara, la kulia mchanga. Mimi moja kwa moja nikaenda la mchanga maana kichwani nilijua gumu ndo dume. Na nilikuwa na imani nyingine ambayo karibu kila anayeanza anayo, kwamba ngumi nzito ni mkono mnene, basi, nikawa nalala benchi nasukuma chuma kila siku, kifua, mkono, kifua, mkono, miguu sigusi kabisa maana miguu nani anaiona ukivaa suruali? Mwaka mmoja nikawa na kilo 78, mashati yanabana, mtaani wananiita kifua.

Sasa siku moja mzee, namaanisha kocha wetu, ananishikia padi, zile ngao ndogo za kuvaa mkononi mwenzio azipige. Simu yake ikaita. Akapokea. Padi moja kaivua kaweka kwapani, nyingine kanishikia, anaongea na mkewe habari za mtungi wa gesi umeisha, huku mimi nampiga ile padi kwa mkono wa kulia kwa nguvu zangu zote, jasho linanitoka, na yeye sauti haitikisiki hata kidogo, anasema ndio, ndio, mwambie alete ule mdogo. Nikamaliza raundi naona nimefanya kazi. Akaja jamaa mmoja mwembamba, kilo 60 hivi, kazi yake ilikuwa kushusha mikungu kwenye malori pale soko la ndizi, mikono kama fimbo ya mwavuli. Akapiga moja tu. Mzee akasema kwenye simu, subiri kwanza nitakupigia.

Aisee iliniuma. Na badala ya kujiuliza yule mwembamba anafanya nini, nikazidisha mchanga.

Wasiojua, begi la mchanga lina tabia moja mbaya, mchanga unashuka. Kila ukipiga unajipanga chini, baada ya miezi nusu ya chini inakuwa kama nguzo ya zege na juu kunabaki kumelegea. Jumamosi moja nikapiga ngumi ya pembeni nikiwa nimechoka, bandeji sijafunga kwa sababu ya uvivu, ngumi ikashuka chini kidogo kuliko nilivyotaka na ikagonga kwa upande wa kidole kidogo. Sikusikia maumivu kwanza, nilisikia kama mtu kavunja kijiti kikavu ndani ya mkono wangu. Kwenda kupiga picha, mfupa wa kiganja ule unaoshika kidole kidogo umekatika karibu na kifundo cha kidole. Daktari hakuuliza hata nimefanya nini, alisema tu umepiga ukuta au umepiga mtu? Huo mvunjiko ni wa kawaida mno kwa watu wanaorusha ngumi vibaya, mpaka kwenye udaktari umepewa jina la mabondia, ingawa mabondia waliofundishwa vizuri ndo hawaupati sana. Nikafungwa hogo, ile plasta ngumu ya mfupa uliovunjika, wiki 5.

Nikakaa nyumbani siku 4 najionea huruma. Ya tano mzee akapiga simu. Nikamwambia mkono mzee, akaniuliza, na miguu nayo imevunjika?

Hizo wiki 5 ndo zilizonifundisha kila kitu ninachotaka kuwaambia hapa. Kwa sababu mkono wa kulia haupo, hakuna cha kudanganyia. Mzee alichukua ndala yake akaiweka chini ya kisigino changu cha nyuma, akaniambia simama kama unapigana, mkono wako mbovu ubaki kifuani, sasa piga bila mkono. Nikamwangalia. Akarudia, piga bila mkono. Maana yake mguu wa nyuma usukume chini, kisigino kitoke kwenye ndala na kigeukie nje, goti liingie ndani, nyonga izunguke, bega lifike pale ambapo ngumi ingefika. Kama kisigino bado kiko juu ya ndala, hujapiga. Nilirudia hiyo kitu kama mwendawazimu, raundi 6 kila siku, watoto wa gereji wanacheka, wanasema jamaa anacheza singeli. Siku nyingine alinifunga kamba ya katani kiunoni akawa anashika ncha upande wa nyonga ya kulia ananivuta nyuma taratibu, mimi nageuza kwa kushindana na kamba. Hapo ndo kwa mara ya kwanza nilihisi kumbe kuna msuli mkubwa huku matakoni na pembeni ya tumbo ambao nilikuwa naubeba tu kama mzigo bila kuutumia.

Na hii sio falsafa ya mzee wa Mabibo peke yake. Mwaka 1985 Wasovieti walitoa utafiti wao, walipima mabondia 120 wa viwango tofauti kwenye ile ngumi ya moja kwa moja ya mkono wa nyuma kuona nguvu inatoka wapi. Kwa wale wa daraja la juu kabisa, mguu wa nyuma ulichangia kama asilimia 38, kuzungusha kiwiliwili 37, na kunyoosha mkono 24 tu. Kwa wale wa madaraja ya chini mguu ulishuka mpaka asilimia 16 na kitu, mkono ukapanda mpaka 38. Yaani mimi na kifua changu nilikuwa kwenye kundi la pili kabisaa, bila ubishi. Na yule mshusha ndizi bila kujua alikuwa anafanya mazoezi ya kundi la kwanza kutwa nzima, kwa sababu mkungu hauutupi kwa mkono, unaupokea kwa magoti, unazungusha kiuno, unaurusha kwa mwenzio.

Kuna kitu kingine kuhusu miguu ambacho wengi hawasemi, mguu wa mbele. Watu wote wanaongelea wa nyuma. Sasa fikiria umesimama kwenye daladala, hujashika bomba, gari imechanganya, ghafla dereva anafunga breki. Gari inasimama, wewe unaendelea, unaenda kumkumbatia kondakta. Ngumi ndo hiyo hiyo. Mguu wa nyuma ni injini, mguu wa mbele ni breki, ngumi ni abiria asiyeshika bomba. Ukisukuma na mguu wa nyuma halafu goti la mbele likalegea likaenda mbele na wewe, gari haijafunga breki, mwili wote unaelea mbele, ngumi inafika imechoka na wewe mwenyewe umepoteza balansi, akikukwepa unaanguka. Ila ukikita ule wa mbele, ukakaza, nyonga ya mbele ikasimama kama bawaba ya mlango, ile ya nyuma inazunguka kwa kasi na mkono unarushwa wenyewe. Mimi kugundua hilo la breki ilinichukua karibu mwaka baada ya hogo kutoka, na nadhani ndo kitu kilichoongeza uzito kuliko kingine chochote.

Haya, kulegea. Hapa ndo pagumu kuelezea kwa maandishi. Ukitaka kupiga kwa nguvu akili inakwambia kaza, na ukikaza toka mwanzo unakuwa unaendesha gari na hendibreki juu, maana msuli unaorudisha mkono unashindana na ule unaoupeleka. Karate nilikuwa nafundishwa kukaza mwishoni, sensei anapiga kelele kime, kime, sikuwa naelewa, nikawa nakaza kuanzia bega mpaka meno. Mwaka 2010 Profesa Stuart McGill wa Chuo Kikuu cha Waterloo kule Kanada na wenzake waliwapima wapiganaji wa MMA, yale mapigano yanayochanganya ngumi, mateke na mieleka, kwa zile nyaya za kusoma misuli, wakaona msuli unakaza mara mbili, mara ya kwanza kuanzisha mwendo, halafu unalegea ili kasi ipande, halafu unakaza tena pale pale inapogonga ili mwili mzima uwe kitu kimoja kizito nyuma ya ngumi. Kaza, legea, kaza. Huyo sensei wangu alikuwa sahihi, mimi ndo nilikuwa sina masikio.

Jinsi ya kujifunza, jaribu hivi. Simama mbele ya begi, mkono uning'inie kama wa mlevi, ngumi iwe nusu wazi. Piga kwa asilimia 40 tu ya nguvu, ngumi uifunge sentimita chache kabla haijafika, na pumzi itoke kwa ufupi kwenye meno, tsss. Sikiliza sauti. Ngumi ya kusukuma inatoa sauti nene ndefu, dufuuu, na begi linaenda mbali kama bembea. Ngumi iliyogonga inatoa pwa! fupi kama mtu kapigwa kofi, na begi halisafiri sana, linakunjika katikati na kuruka kwenye mnyororo. Mimi mpaka leo nikitaka kujua kama dogo ana ngumi nageuka nikasikiliza, siangalii. Begi linalobembea hovyo linawafurahisha sana wanaojirekodi video, ila limesukumwa tu.

Sasa namna ya kulipiga hilo begi, kwa maana hapa nimepoteza miaka. Nilikuwa napiga raundi 10 za dakika 3 bila kupumzika, nazimia, nalala sakafuni, najiona mwanaume. Hiyo ni mazoezi ya pumzi, na ni muhimu, ila haijengi uzito, inajenga uvumilivu wa kupiga ngumi nyepesi. Ukichoka mwili unakuwa mjanja, unaacha miguu unatumia mkono, na unarudia huo ujanja mara 1,000 mpaka unakuwa ndo tabia yako. Siku ya nguvu ni siku ya nguvu. Napiga ngumi 2 au 3 kwa kila nilichonacho, naondoka, nazunguka, napumua sekunde 20 au 30 mpaka nijisikie mpya, narudi. Raundi 5 hivi, basi. Mtu akikuangalia anaweza kudhani unategea. Achana naye. Siku nikiona sauti ya begi imeanza kuwa nene nasimama hapo hapo hata kama raundi imebaki, kwa sababu kuanzia hapo nafanya mazoezi ya kupiga vibaya.

Na begi lenyewe jaza matambara, nenda kwa mafundi cherehani waombe mabaki ya vitambaa, wengi wanakupa bure wanashukuru umewasafishia. Shindilia na mti taratibu, usiache mapengo. Ukitaka uzito zaidi weka mfuko mdogo wa mchanga katikati kabisa ukiwa umezungushiwa nguo pande zote, usiguse ukuta wa begi. Maranda nayo yanafaa ila yakilowa na jasho au mvua za masika yananuka vibaya.

Chuma sijaacha, msinielewe vibaya, ila nimebadilisha kinachoinuliwa. Skwati, kuinua chuma kutoka chini, kuruka juu ya boksi, na kupanda ule mlima wa Chuo Kikuu kwa mbio fupi fupi, unapanda kwa nguvu zote sekunde 10 unashuka kwa kutembea. Kwenye chuma nainua kizito mara 3 mpaka 5 kwa seti na napumzika dakika 3 nzima, sio zile mara 20 za kuvimba. Benchi bado nalala ila mara moja kwa wiki na ni kama kachumbari kwenye pilau. Kuna zoezi jingine napenda sana, ile fimbo ya chuma ncha moja unaichomeka kwenye kona ya ukuta, nyingine unaishika begani na kuisukuma mbele juu kama unarusha ngumi, miguu na nyonga zikifanya kazi. Halafu nyundo na tairi. Tairi la lori lililokufa gereji wanakupa bure, nyundo ya kilo 5 inatosha, usiende na ya 10 ukaanza kuinua kama unachimba kaburi, lengo ni kasi ya kushusha na kubadilisha mikono kushoto kulia. Earnie Shavers, yule Mmarekani wa miaka ya 70 ambaye mpaka kesho anatajwa kwenye wapiga ngumi nzito kuliko wote, alikuwa anapasua magogo kwa shoka, na ukifikiria shoka ni ngumi hiyo hiyo tu imewekewa mpini.

Na kurusha. Hii nawaomba msiidharau. Nilichukua mpira wa kikapu uliokufa nikautoboa nikaujaza mchanga na matambara mpaka ukafika kilo 4, nikashona na kuuzungushia gundi ya karatasi, nikawa nasimama ubavu kwa ukuta narusha kwa kuzungusha kiuno, mara 6 kila upande, seti 4. Ukuta wa gereji una alama zangu mpaka leo na mwenye gereji amelalamika sana. Uzuri wa kurusha ni kwamba kitu kinaondoka mkononi, hakuna kupunguza mwendo mwishoni kama kwenye chuma.

Kitu nisichokipenda ni kupiga shado, yaani kupiga hewa, umeshika vyuma vidogo mkononi. Watu wanapiga picha nzuri sana na hivyo vyuma. Uzito unavuta chini, ngumi inaenda mbele, sasa unachofundisha ni bega kushikilia kitu kisidondoke, na viwiko vinaanza kuuma. Ukitaka kabisa shika vya nusu kilo raundi moja ya kupasha moto halafu viweke chini.

Upande wa karate kuna makiwara, ule ubao wa kule Okinawa unaochimbiwa ardhini na juu unafungwa kamba ya majani ya mpunga. Sisi hatukuwa na majani ya mpunga tukafunga katani, na ubao wetu fundi alitukatia mnene chini mnene juu. Kosa. Makiwara inatakiwa iwe nene chini na nyembamba juu ili inyumbuke, ukigonga irudi nyuma kidogo na wewe uendelee kuisukuma, ndo inakufundisha kupenya badala ya kugusa. Ule wetu ulikuwa nguzo tu, na katani ilitunyoa ngozi ya vifundo, nakumbuka kula ugali kwa kijiko wiki nzima kwa sababu vidole havikunji na mchuzi unachoma kwenye vidonda. Ukiwa na ubao mzuri anza na ngumi 20 kila mkono, polepole, ugonge kwa vifundo viwili vya kwanza, cha shahada na cha kati. Vifundo kuwa vyeusi na vigumu sio lengo. Nimewaona wazee wenye vifundo kama karanga mbichi na hawawezi kufunga kifungo cha shati.

Mateke nitapita haraka maana mimi ni mtu wa mikono, kanuni ni ile ile, mguu uliosimama ugeuke kisigino kielekee kwa adui na nyonga ipinduke. Ila nina kesi moja lazima niisimulie. Nilienda Bukoba likizo kwa bibi, nilikuwa nimeona Wathai wanapiga mateke migomba kujenga muundi, na kwa bibi migomba imezunguka nyumba nzima, nikasema hapa ndo chuo chenyewe. Asubuhi nikachagua mmoja nikaupiga kulia kushoto kama nusu saa. Kweli mgomba ni kitu kizuri, shina lake sio mti, ni maganda maganda yamejaa maji, unapiga unabonyea, hauumizi mfupa. Tatizo la kwanza, utomvu, suruali yangu nyeupe ya karate ikapata madoa ya kahawia ambayo hayajatoka mpaka leo. Tatizo la pili, jioni mgomba ukainama ukalala. Bibi alitoka akauangalia, akaangalia suruali yangu, akaniuliza kwa upole sana, mjukuu wangu, huo umekukosea nini? Ulikuwa na mkungu unaokaribia kukomaa. Mhaya kumuulia mgomba wa ndizi za kupika jamani sio kitu cha kuchekea, nilipalilia shamba siku 3. Kama unataka kufanya hivyo tafuta mgomba ulioshakatwa mkungu, na uombe ruhusa.

Bandeji funga. Kila siku, hata ukipiga polepole. Chukua zile ndefu za mita 4 na nusu, kifundo cha mkono mizunguko ya kutosha, halafu katikati ya vidole, halafu juu ya vifundo. Glavu za begi aunsi 12 au 14, za sparingi, yaani kupigana na mwenzio mazoezini, 16. Na kwenye ngumi ya pembeni angalia mkono usikunjike, kifundo kiwe mstari mmoja na mfupa wa mkono kama msumari na nyundo. Sina la kuongeza hapo, mfupa wangu wa kiganja ushaongea.

Baada ya hayo yote bado unaweza kuwa na ngumi nzito sana kwenye begi na ulingoni usimwangushe mtu. Mimi ilinitokea. Begi halikwepi na halikufuati. Ngumi inayomwangusha mtu mara nyingi ni ile asiyoiona, au ile anayoifuata mwenyewe, anakuja mbele wewe unapiga, magari mawili yanakutana uso kwa uso. Ndo maana nafanya mazoezi mengi ya padi ambapo mshikaji ananifuata, napiga hatua nusu nyuma au pembeni halafu narudisha mkono hapo hapo mguu unapotua. Na lazima uwe na pumzi ya kufika huko. Kinshasa tarehe 30 Oktoba 1974 George Foreman alikuwa na ngumi nzito kuliko Ali, hakuna anayebisha, alizimaliza kwenye mikono na mbavu za Ali aliyejiegemeza kwenye kamba, raundi ya 8 akalala yeye. Upande wa pili mnamkumbuka Robert Wangila wa Kenya, Seoul 1988, fainali ya uzito wa welter, alimmaliza Mfaransa Laurent Boudouani raundi ya pili, na mpaka leo ndo Mkenya pekee mwenye dhahabu ya Olimpiki nje ya riadha. Nenda katafute hiyo video uangalie miguu yake, usiangalie mikono.

Nimemtaja Wangila kwa sababu nyingine pia. Alifariki Julai 1994 baada ya pambano Las Vegas, bado kijana. Hiki kitu tunachokijenga kinaua. Ukishaanza kuwa na uzito, kwenye sparingi shusha, piga kwa kugusa, mwenzio ana kazi kesho asubuhi na ana mama. Mwenye ngumi halisi nimegundua ndo mpole zaidi kwenye sparingi, wanaoumiza wenzao ni wale ambao bado hawajiamini, na nilikuwa mmoja wao so nawajua.

Wiki yangu sa hivi iko hivi, nisije nikaulizwa tena. Jumatatu chuma za miguu na kurusha mpira. Jumanne ufundi na padi. Jumatano begi la nguvu, raundi 5 nilizosema. Alhamisi silali tu ila sipigi kitu, natembea. Ijumaa sparingi nyepesi na mlima. Jumamosi nyundo na tairi kama mwili unaruhusu. Chakula ni chakula, wali maharage mayai samaki, usingizi masaa 8, hakuna unga wowote wa kopo ulionipa ngumi.

Siku hogo lilipotoka mzee alinikataza kugusa begi wiki 3 nyingine, nikawa napiga hewa na kubana mpira wa tenisi. Halafu siku moja akavaa padi, akasema kulia, moja, nusu nguvu. Nikapiga. Hakusema kitu. Alivua padi akakung'uta kidole gumba, akavaa tena, akasema rudia. Simu yake iliita mle mfukoni na hakupokea.

Mnaotaka kuja mje Jumatano saa 11 jioni, bandeji uje nazo. Begi la kushoto ndo la matambara. Lile la kulia la mchanga bado lipo, mzee hataki kulishusha, tunalianikia bandeji zikauke.